Mwiko, Kivuli na Tone Moja la Mtoto

ZUHURA: Haya, wa nyumbani, tumerudi. Leo ni vitamini D. Tumepanga mambo matatu: kipimo cha damu, chakula, halafu dozi ya mtu mzima. Lakini Deo kaingia studio na chupa mbili za matone ya watoto, na kwa jinsi alivyozishika sioni tukianza na kipimo.

DEO: Hatuanzi na kipimo, dada. Wiki hii amekuja mama dirishani kwangu, dirisha la dawa, mtoto mgongoni, na chupa kama hizi mbili. Ya kwanza ilikuwa imeisha, ya pili kanunua duka jingine. Akaniuliza, "Hii mpya naendelea na dropa ya ile ya zamani?" Namshukuru Mungu aliuliza kabla ya kumpa mtoto.

ZUHURA: Waeleze kwa nini.

DEO: Soma hapa ubavuni. Chupa ya kwanza: yuniti 400 kwa mililita 1. Maana yake unavuta kwa dropa, kile kibomba cha kunyonyea dawa, hadi kwenye mstari wa mililita moja, unampa mtoto yote. Chupa ya pili: yuniti 400 kwa tone 1. Tone! Sasa mama akivuta mililita nzima ya hii ya pili kwa dropa ya zamani, hapo kuna matone kama 30. Mara 400, ni yuniti 12,000 kwa mkupuo mmoja. Na kesho tena. Na keshokutwa.

ZUHURA: Na kikomo cha mtoto wa chini ya miezi sita?

DEO: Yuniti 1,000 kwa siku. Kuanzia miezi sita hadi mwaka, 1,500. Na vitamini hii haitoki na mkojo kama vitamini C. Inakaa kwenye mafuta ya mwili, na ile inayozunguka kwenye damu huchukua wiki mbili tatu kupungua nusu. Ikizidi, kalsiamu inapanda kwenye damu. Mtoto anakataa ziwa, anatapika, anafunga choo, anakojoa sana, analegea. Mama anadhani ni meno. Ikiendelea, figo zinaumia.

ZUHURA: Kwa hiyo sheria ya kwanza: dropa haihami chupa.

DEO: Haihami. Chupa ikiisha, dropa yake inakwenda nayo. Na usisome neno "matone" lililoandikwa mbele kwa herufi kubwa. Zungusha chupa, tafuta yuniti ngapi kwenye kiasi gani. Wakiandika mikrogramu, zidisha kwa 40. Mikrogramu 10 ndiyo yuniti 400 hizo hizo.

ZUHURA: Sawa. Sasa mimi nina swali ambalo kila siku nakutana nalo kliniki. Mtoto wa Dar es Salaam matone ya nini? Jua lote hili?

DEO: Dada, jua la saa ngapi?

ZUHURA: Hapo ndipo penyewe. Mama zetu wametufundisha kumtoa mtoto jua la saa moja asubuhi, kwamba ndilo zuri, halichomi. Ni kweli halichomi. Lakini halichomi kwa sababu ile miale ya UVB, inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi, haijafika. Saa moja jua liko chini, mwanga unapita kwenye hewa kwa mshazari, njia ndefu, na ozoni inaimeza UVB karibu yote. Mtoto anapata joto na mwanga, ni vizuri kwa mama kupumzika uani, ila vitamini hapati. Halafu mwangalie alivyovaa: kofia, soksi, glavu, blanketi, na kanga juu.

DEO: Uso tu ndio unaonekana.

ZUHURA: Na uso wenyewe umefunikwa na mtandio asipigwe na upepo. Kwa hiyo nawaambia mama wapime kivuli. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, jua hilo halitengenezi kitu cha maana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, UVB ipo.

DEO: Na mtoto mchanga amelala, kivuli chake utakipimaje?

ZUHURA: Chukua mwiko.

DEO: [anacheka] Mwiko wa ugali?

ZUHURA: Mwiko wa ugali, Deo. Usimamishe wima uani, sakafu iwe tambarare. Kivuli kikizidi urefu wa mwiko, rudi ndani. Kikiwa kifupi kuliko mwiko, jua limekuwa jua. Hapa Dar, miezi mingi inatokea kama saa tatu na nusu asubuhi na kuendelea hadi karibu saa tisa alasiri. Juni na Julai jua limekwenda kaskazini, mwiko unakubali kwenye saa nne na dakika kadhaa, na mwisho ni saa nane na nusu hivi.

DEO: Na mwanzoni mwa Machi, na tena kama wiki ya pili ya Oktoba, adhuhuri jua linapita utosini kabisa. Mwiko hauna kivuli.

ZUHURA: Siku hizo mtoto usimtoe adhuhuri, utamchoma.

DEO: Fundi wetu wa mitambo anaashiria kuna ujumbe umeingia. Msikilizaji wa Mbagala anauliza, anayekaa kiti cha dirishani kwenye mwendokasi kila siku, jua linampiga mkono mzima, je, inahesabika?

ZUHURA: Dirisha limefungwa?

DEO: Anasema kiyoyozi kinafanya kazi, limefungwa.

ZUHURA: Haihesabiki. Kioo cha kawaida kinazuia UVB. Kinapitisha UVA, ile inayozeesha ngozi. Kwa hiyo mkono unaungua na kuwa mweusi, vitamini hakuna. Hata mwiko ukikubali ndani ya basi, kioo kimekataa.

DEO: Hivyo hivyo kwa anayekaa ofisini Posta karibu na dirisha.

ZUHURA: Hivyo hivyo. Na mama anayemuanika mtoto nyuma ya dirisha la aluminiamu, anasema nimemuwekea jua.

DEO: Mwingine anauliza kivuli cha mwamvuli.

ZUHURA: Mwamvuli umefunguliwa? Huo umezuia jua, hatupimi nao. Ufunge, usimamishe, unakuwa mwiko mrefu.

DEO: Nadhani kipindi kimekuwa cha mwiko.

ZUHURA: Kiwe. Mama akielewa mwiko hahitaji saa wala simu. Akihama kutoka Temeke akaenda Njombe, mwiko unamfuata.

DEO: Sawa, lakini sasa tufike kwenye jambo lenyewe, dada, maana hapa mimi na wewe hatukubaliani, na wasikilizaji wanajua. Mimi nasema kila mtoto anayenyonya ziwa la mama apewe yuniti 400 kwa siku tangu siku za mwanzo hadi mwaka. Ndiyo makubaliano ya 2016 ya wataalamu wa kimataifa wa matege, ule ugonjwa wa mifupa laini ya watoto, na hayakubagua mtoto wa Ulaya na wa Afrika. Maziwa ya mama yana kila kitu, lakini vitamini D yake ni kidogo. Lita nzima mara nyingi haifikishi hata yuniti 80, na mtoto mchanga hamalizi lita.

ZUHURA: Kwa sababu mama mwenyewe hana. Mtibu mama.

DEO: Nakubali mama atazamwe. Mama anayefanya kazi ndani, akitoka amevaa baibui na mtandio, ngozi yake nyeusi inahitaji muda mara kadhaa zaidi ya ngozi nyeupe. Anajifungua mtoto akiba yake ikiwa ndogo. Ndiyo maana namtaka mtoto apewe matone, asisubiri.

ZUHURA: Na mimi nasema umeingia studio na chupa mbili zilizokaribia kumuumiza mtoto, halafu unataka kila nyumba iwe nazo.

DEO: Kosa lilikuwa kwenye kipimo.

ZUHURA: Na kipimo ndicho kitakachokosewa tena. Ngozi haikosei. Jua likizidi, ngozi yenyewe inaigeuza ile malighafi ya vitamini D kuwa vitu visivyofanya kazi, kwa hiyo hakuna mtu aliyelewa vitamini D kwa kuota jua. Mtoe mtoto mwiko ukianza tu kukubali, mikono na miguu wazi, kichwa na macho kivulini, dakika chache, umrudishe kabla ngozi haijapata joto kali. Watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, matokeo yakatoka 2012: wastani wa vitamini D kwenye damu nanomoli 115 kwa lita, bila kidonge. Kiwango tunachokiita kinatosha ni 50.

DEO: Wahadzabe wako nje kutwa, dada. Mtoto wa Sinza amezaliwa kwenye chumba cha kupanga, uani kuna nguo za wapangaji wanane, mama anaogopa jicho la watu, na masika ikiingia wingu linakaa wiki. "Dakika chache" zako ni ngapi? Kwa ngozi ipi? Huwezi kuniambia. Mimi tone langu naweza kukuambia lina nini. Na madaktari wa watoto wanaonya mtoto wa chini ya miezi sita asiwekwe kwenye jua kali moja kwa moja.

ZUHURA: Jua kali. Sijasema jua kali.

DEO: Mwiko ukikubali limeanza kuwa kali.

ZUHURA: Na hapa hapa Dar es Salaam walijaribu vidonge kwa watu wazima 4,000 wanaoishi na VVU waliokuwa na vitamini D pungufu, wakaanza dawa za kufubaza virusi. Matokeo ya 2020: vidonge havikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu.

DEO: Utafiti mzuri, nauheshimu, lakini uliuliza vifo na TB. Haukuuliza mifupa ya mtoto mchanga.

ZUHURA: Unatuonyesha watu wanavyoipa vitamini hii sifa zisizo zake.

DEO: Kwa mtu mzima, nakubali. Kwa matege, hapana. Matege ni kazi yake hasa.

ZUHURA: Basi tuseme dalili za matege, hilo hatugombani.

DEO: Sema wewe, unawaona.

ZUHURA: Shika kifundo cha mkono wa mtoto. Kikiwa kinene, kimetanuka kama kuna bangili chini ya ngozi, hiyo ni dalili. Pitisha kidole mbavuni, pale mfupa unapokutana na gegedu. Vinundu vilivyopangana mstari. Utosi unachelewa kufunga, meno yanachelewa, kukaa na kutembea kunachelewa. Miguu ya upinde kabla ya miaka miwili inaweza kuwa ya kawaida. Ikizidi baada ya hapo, au ikiwa mguu mmoja tu, aonwe na daktari. Na lingine linalonisumbua sana: degedege. Kalsiamu ikishuka sana kwenye damu mtoto anapata degedege bila homa. Familia nyingine inampeleka kwa mganga. Degedege bila homa kwa mtoto mchanga ni hospitali mara moja, apimwe sukari na kalsiamu.

DEO: Tiba ya matege ni tofauti na kinga, wasichanganye. Chini ya mwaka mmoja ni yuniti 2,000 kila siku, angalau miezi mitatu, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku, na daktari anafuatilia. Kalsiamu msiisahau. Nigeria, 1999, watoto wenye matege walipewa kalsiamu, au vitamini D, au vyote. Waliopata kalsiamu ndani ya tiba walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Jua lilikuwepo, kwenye sahani hakukuwa na kitu.

ZUHURA: Uji wa mahindi mtupu.

DEO: Ndiyo. Kwa hiyo dagaa waliwe wazima, na mifupa yao, au wasagwe kwenye uji wa mtoto aliyeanza kula...

ZUHURA: Deo, fundi anaonyesha dakika tatu.

DEO: Tatu? Chakula hatujakigusa.

ZUHURA: Wala kipimo. Chagua kimoja.

DEO: Kipimo, haraka. Kinaitwa 25-hidroksi vitamini D. Majibu yakija, angalia kizio kwanza. Ishirini za nanogramu kwa mililita ni sawa na hamsini za nanomoli kwa lita. Mtu anaona 40 anafurahi, kumbe ni nanomoli, yaani 16 kwa kizio kile kingine. Chini ya 12 kwa nanogramu ni upungufu mkubwa. Mtu mzima mwenye afya njema hana haja ya kupima. Mwenye maumivu ya mifupa ya miguu na nyonga, anayeshindwa kunyanyuka kwenye kigoda bila kushika kitu, mwenye kifafa anayetumia fenitoini au fenobabito, mwenye ugonjwa wa figo au ini, hao wapime.

ZUHURA: Na mtu aliyeandikiwa kapsuli ya yuniti 50,000?

DEO: Ni kwa wiki, siyo kwa siku. Kawaida wiki 8, pamoja na mlo wenye mafuta, halafu unashuka kwenye dozi ndogo ya kila siku. Anayetumia dawa ya presha aina ya haidroklorothiazaidi amwambie daktari kwanza, kwa sababu nayo inabakiza kalsiamu mwilini.

ZUHURA: Na hoja ya matone kwa kila mtoto bado sijaikubali.

DEO: Wala mimi hoja ya jua bila kipimo. Tutaendelea nje.

ZUHURA: Kabla fundi hajazima: habari ya mwiko haimhusu mtu mwenye ualbino. Mtoto mwenye ualbino asitolewe juani kutafuta vitamini, saa yoyote. Saratani ya ngozi kwake ni hatari ya kweli. Yeye apewe matone, hapo Deo hunisikii nikibisha, na avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kuzuia jua. Moshi wanayatengeneza hapa hapa nchini, waulizeni kliniki za ngozi...

DEO: Na mafuta hayo yapakwe upya kila baada ya saa...

[Muda umekwisha.]