Bunduki ya babu haina komeo, iacheni hivyo hivyo

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana habari zenu. Vita vya hapa Tanga sivirudii, mnavijua: Novemba 1914 Waingereza wameshuka kama elfu nane kupigana na Wajerumani, wakashindwa, wakarudi melini wakaacha mamia ya bunduki na risasi 600,000, alafu 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, ikapigwa na Waingereza kule ghuba ya Manza na shehena yake ya silaha, Wajerumani wakaiopoa, risasi zilizolowa wakazifungua moja moja wakaanika baruti. Kwahiyo mtu akiniambia kuna bunduki darini kwa babu mimi sishangai. Nauliza kitu kimoja tu, mmeshaigusa?

Manake ile ya Muheza bado inaniuma, na wanaonijua wameshanisikia nikiisema, leo mtaisikia tena. Kijana kaipata kwenye gunia, mtutu mrefu, ubavuni maandishi ya Kijerumani yanaishia na Mod. 71, yaani ile ya risasi moja moja ya milimita 11 waliyobeba askari wengi wa Mjerumani, ikilia inatoa moshi mpaka adui anajua umejificha wapi. Komeo hakuna, lile la kuvuta nyuma na mbele kufunga risasi ndani. Kijana akaona aibu bunduki ya babu iwe pungufu, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi kakata kipande cha nondo akakichomelea pale, akapiga msasa chuma chote, kitako vanishi. Ndo ananiletea, inang'aa kama sufuria mpya.

Bahati binamu yake aliipiga picha kabla. Nikaivuta kwenye simu: kwenye chuma kinachokinga triga kuna 47, kwenye bamba la kitako 47, ila kwenye pete ya mtutu ni 12. Mnaelewa maana yake? Vipande vya bunduki moja hupigwa namba zinazolingana. Ile pete ilitoka bunduki nyingine, kuna mtu aliitengeneza kwa kuokoteza vipande, labda katikati ya vita. Na namba kamili kwenye mtutu ndo ingetusaidia kuulizia zaidi, lakini pichani ilikuwa na kutu haisomeki, na baada ya msasa haipo tena. Haipo! Kutu ungeweza kuondolewa taratibu na mtu anayejua, namba iliyosagwa hairudi.

Na hamna aliyechungulia ndani kabla ya kuwasha moto. Komeo kutokuwepo hakumaanishi risasi haipo, inaweza kuwa imeganda mle tangu enzi hizo, na baruti nyeusi ya zamani bado inalipuka. Nilipomuuliza fundi akanyamaza.

Sasa najua kuna mtu ananiambia moyoni, mwalimu, bila komeo si ni chuma tu, bora ikamilike ipendeze ukutani. Ndugu yangu, wanajeshi wakiacha silaha mara nyingi wanatoa komeo makusudi ili adui asiitumie. Hilo pengo unaloliziba huenda ndo tukio lenyewe! Ukipata komeo halisi la bunduki nyingine ya aina hiyo hiyo, liweke pembeni, na uandike limetoka wapi.

Na kwamba ni chuma tu, usijiamulie. Kuna sheria ya silaha ya 2015, aamue polisi. Usiibebe mtaani wala kwenye bodaboda, iache ilipo, mtutu usimwelekee mtu, nenda mwenyewe na mwenyekiti wa mtaa utoe taarifa waje waikague. Uliza hapo hapo kama makumbusho wanaweza kuichukua na jina la babu liandikwe.

Naonyeshwa saa. Haraka haraka basi: wa skrepa asiione kabisa, wanapima kilo wale. Vumbi ni brashi laini, maji hapana, mafuta kidogo kwenye chuma tu, mbao usiguse. Mchwa nilitaka niseme, muda hamna. Andikeni simulizi ya bibi wiki hii, nani aliileta na ililala wapi. Mwenye nayo anifuate pale nje na picha za kila namba, picha tu.