Mchoro Unaosomeka Ukiwa Hupo: Mhadhara kwa Wahitimu wa Kidato cha Nne, Mtwara

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kozi za usanifu wa mitambo na usanifu wa majengo. Najua wengi mmekuja na swali moja mfukoni: ni chuo gani kinafundisha AutoCAD, ile programu ya kuchorea kwa kompyuta, vizuri? Nitalifikia. Ila siwezi kuanza nalo, maana vijana wetu wengi wanaanzia hapo na wanaishia hapo.

Mchoro wa kiufundi ni agizo. Leo unautoa mkononi mwako, kesho unasomwa na mtu usiyemjua, kwenye karakana ambayo hujawahi kuikanyaga, na wewe hupo kumwelewesha. Kila anachohitaji kukijua kiwemo kwenye karatasi. Usichokiandika atakikisia, na akikisia vibaya, lawama si zake.

Niwape mfano wa karibu. Hapa kwetu korosho ndiyo pesa ya shamba, na anayetaka kuuza korosho iliyobanguliwa anahitaji mashine. Ndani ya mashine kuna shafti, yaani mhimili wa chuma, inayozunguka juu ya beringi, zile pete zenye gololi. Chukua beringi namba 6205, ya kawaida kabisa kwenye maduka ya vipuri: tundu lake ni milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15. Mwanafunzi anachora shafti, anaandika "25", anaona kazi imekwisha. Mchoro unafika kwa fundi wa kukereza vyuma, naye anatoa shafti ya milimita 24.95. Je, amekosea? Mchoro haukumwambia popote kwamba hiyo haifai. Lakini shafti hiyo italegea, beringi itaanza kuteleza juu yake, chuma kitalika, mashine itatetemeka, na itasimama katikati ya msimu, korosho zikiwa zimerundikana ghalani.

Aliyefundishwa vizuri anaandika "25 k6". Herufi moja na tarakimu moja tu, lakini fundi popote duniani anaelewa kwamba shafti isipungue milimita 25.002 wala isizidi 25.015. Beringi itaingia kwa kubana kidogo, na pete yake ya ndani itazunguka pamoja na shafti. Uamuzi huo hautoki kwenye kompyuta. Kompyuta inachora 24.95 kwa unadhifu uleule inaochorea 25.002. Unatoka kwa mtu aliyeshika maikromita, kile kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa, akapima, akaona kwa macho yake beringi iliyolegea inafanya nini.

Kwa hiyo unapokwenda kukagua chuo, usiridhike na chumba cha kompyuta. Omba uingizwe karakana. Uliza mashine ya kukereza inafanya kazi au imefunikwa turubai. Uliza kama mwanafunzi anatengeneza kitu kutokana na mchoro wake mwenyewe, na, bora zaidi, kutokana na mchoro wa mwenzake. Ukisoma mchoro wa mwenzako ukakwama, ndipo unapojua wako umeacha nini.

Upande wa majengo, mwalimu wa kwanza yuko jirani hapa Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na jumba la Husuni Kubwa, la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ni la karne hiyohiyo. Ukiingia kwenye magofu ya nyumba za mawe za pwani utaona vyumba virefu lakini vyembamba, upana mara nyingi haufiki mita 3. Dari nzito ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina kikomo chake. Wale mafundi waliijua malighafi yao kwanza, ndipo wakapanga vyumba. Ninyi mtapewa zege na nondo, vyumba vitapanuka, lakini swali la kwanza linabaki: hiki kitu kinabeba kiasi gani, na kwa umbali gani?

Swali la pili ni jua, na hapa naomba mnisikilize sana. Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapita utosini mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba. Mwezi Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba linaegemea kusini kidogo. Pande hizo mbili upenu mzuri unatosha kukinga dirisha, kwa sababu jua liko juu. Magharibi ni kesi nyingine. Jua la saa kumi na moja jioni limelala, linapita chini ya upenu na kuingia mpaka kwenye kochi. Nyumba ya huku inataka ubavu wake mrefu utazame kaskazini na kusini, na madirisha yaipokee kusi na kaskazi.

Sasa tazama ramani zinazouzwa mitaani zikiwa tayari zimechorwa. Aliyechora hakijui kiwanja chako, hajui hata lango liko wapi. Sebule inageuzwa magharibi, mwenye nyumba ananunua kiyoyozi, na bili ya umeme anailipa maisha yake yote. Hili linaniuma, maana lilihitaji dakika chache za kusimama kiwanjani na dira.

Kuhusu ngazi za masomo nitapita haraka. VETA, ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo Mtwara na ipo Lindi, na hapo unaanza kama fundi mchundo. Diploma ya fundi sanifu kwa kawaida ni miaka 3, kutoka NTA (ngazi ya tuzo za kiufundi) 4 hadi 6. Uhandisi mitambo unaupata DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na Chuo cha Ufundi Arusha. Shahada ya usanifu majengo ipo Chuo Kikuu Ardhi. Popote uendapo, hakikisha kozi inatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kabla hujalipa hata senti. Na mabinti, kozi hizi ni zenu pia. Maikromita haiulizi mkono ni wa nani.

Nimalizie na lile la AutoCAD. Ilitoka mwaka 1982, na tangu hapo zimekuja nyingine nyingi. Amri zake unajifunza kwa miezi michache, chuo chochote chenye mwalimu makini kitakufundisha. Mzazi, usiuze korosho sasa ili ununue kompyuta ghali. Mwaka wa kwanza mnunulie mwanao tepu, rula ya skeli, penseli ngumu na laini, na daftari kubwa la kuchorea. Apime nyumba mnayoishi, chumba kwa chumba, aichore kwa skeli ya 1:50 (sentimita 1 ya mchoro ni sentimita 50 za nyumba), ampe jirani aisome. Kompyuta ije mwaka wa pili, akiwa tayari ana cha kuiamuru.

Karibuni kwa maswali. Mama wa pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kulipa, tuanze naye.