Samaki wa Ndoano Anatugharimu Kiasi Gani?

Mwangaluka, ndugu zangu wa Tabora. Kabla sijashika kipaza sauti, mzee mmoja ameniuliza: tukimwaga vifaranga vya samaki bwawani, watu wa mjini si watakuja kulipa wavue kwa kujifurahisha? Watakuja, mzee wangu. Ila hesabu tunaianzia pabaya. Tunauliza bei ya kifaranga, hatuulizi yule aliyenaswa katugharimu ngapi.

Tuseme kifaranga wa sato ni shilingi 200. Mmenunua 1,000, hiyo ni 200,000. Mnafungua mfuko ukingoni, maji yake yamepata moto safarini, wengine wanageuka tumbo juu papo hapo. Waliobaki, kambale anawasubiri chini, ndege mnandi juu. Wakinaswa 60, kila mmoja kawagharimu zaidi ya shilingi 3,300. Sasa nunueni 200 waliokwisha kukua, kwa 1,500. Inatisha, 300,000! Lakini wakinaswa 150, kila mmoja ni 2,000. Dada anayecheka pale nyuma bila shaka anafuga kuku, hesabu hii ya vifaranga anaijua.

Halafu sato anazaa sana. Asipovuliwa vya kutosha wanajazana, chakula hakiwatoshi, wanadumaa. Mtu kalipia kibali, anavuta mshipi, anatoa kasamaki ka kiganja. Harudi huyo. Bwawa la namna hiyo msiliongezee hata kifaranga mmoja.

Wamarekani walipopandikiza samoni aina ya koho Ziwa Michigan mwaka 1966, chakula kilikuwa tele: visamaki vidogo vya kigeni vilishajaa ziwani. Wavuvi wa starehe wakamiminika, na fedha ikaingia kwenye boti za kukodi, vyumba vya kulala, maduka ya chambo. Nasi tuhesabu hivyo: kibali, bodaboda, chai, mihogo ya kuchoma. Mgeni akimrudisha samaki majini akiwa hai, Jumamosi mnamuuza tena. Najua, huku samaki harudishwi. Mama yangu angeniona nimerukwa na akili.

Ndugu wa Kigoma ameuliza kuhusu Ziwa Tanganyika. Kule msipandikize kitu. Lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Ziwa Victoria liliingiziwa sangara kuanzia miaka ya 1950. Viwanda vya minofu vikaja, na aina nyingi za furu, visamaki vya asili vya ziwa hilo, zikatoweka. Kwenu kuhe, samaki wa asili wa Tanganyika, yupo tayari, tena mkubwa. Mgeni mtafutieni mtumbwi na mtu anayejua miamba ya ziwa.