LUKU Inaisha Haraka? Anza Ukaguzi Kwenye Mita

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Kaka Baraka, malalamiko ni yale yale: LUKU, umeme wa kulipia kabla, inaisha haraka. Na kila nyumba ina mshukiwa wake; huku taa, kule televisheni.

BARAKA: Taa zinasingiziwa sana, dada. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa saa 6 kila siku, mwezi mzima haifiki uniti 2. Ndiyo maana nasisitiza watu wapime kwanza, kabla ya kununua au kubadilisha chochote.

ZUHURA: Wapime kwa kifaa gani?

BARAKA: Mita yenyewe. Ina kitaa kidogo kinachomweka, na usoni pameandikwa kinamweka mara ngapi kwa uniti moja. Nyingi ni 1000, zipo na za 1600. Zima kila kitu, chomoa plagi zote, ukitazame. Kikiendelea kumweka, kuna umeme unakwenda usikokujua.

ZUHURA: Nyumba za kupanga hilo lipo! Unakuta taa ya uani, au chumba cha jirani, imeungwa kwenye mita yako.

BARAKA: Au waya unavuja, na hapo roho za watu zipo hatarini. Usiguse, ita fundi umeme mwenye leseni. Kitaa kikitulia, washa kifaa kimoja kimoja, uhesabu kwa dakika. Kwa mita ya 1000, kumweka mara 10 kwa dakika ni wati 600. Pasi ikiwa inapata moto utahesabu 20 hivi.

ZUHURA: Friji je? Inajiwasha na kujizima.

BARAKA: Hiyo ipe usiku mzima. Iache peke yake, soma uniti ukienda kulala, soma tena alfajiri. Halafu bana karatasi mlangoni uivute. Ikichomoka kirahisi, raba imechoka, baridi inatoka na mota haipumziki. Raba inabadilishwa, friji unabaki nayo.

ZUHURA: Na isikae karibu na jiko, jamani.

BARAKA: Wala isibanwe ukutani. Ila walaji wakubwa ni hita ya maji ya kuoga, kiyoyozi, jiko la umeme. Watu wa Arusha na Njombe nisikilizeni: hita ya wati 3,000 ikivuta saa moja kila siku, ni uniti 90 kwa mwezi.

ZUHURA: Ushavuka uniti 75 za bei nafuu!

BARAKA: Hapo ndipo panapouma. Mteja wa D1, daraja la matumizi madogo, ndani ya uniti 75 kwa mwezi, amekuwa akilipa takriban shilingi 122 kwa uniti, kodi zikiwemo. Wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ni kama 356.

ZUHURA: Karibu mara tatu! Kwa hiyo mwenye kutumia 85, zile 10 za juu azitafute kwa tochi.

BARAKA: Aanzie kwenye hita: aiwashe muda mfupi kabla ya kuoga, aizime. Na aulize ofisi ya TANESCO ya eneo lake yupo daraja gani, maana wengi hawajawahi kuuliza.