Ukipewa Maikrofoni Siku ya Kumzika Baba

(Mhadhara kwa wanachama wa chama cha kufa na kuzikana, Eastlands, Nairobi)

Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, asanteni. Nimeombwa nizungumzie kumlilia baba na kumpa heshima yake siku ya mazishi. Mambo ya imani nawaachia mapadre, wachungaji na masheikh. Mimi nitamzungumzia yule mtoto anayeitwa mbele na kukabidhiwa maikrofoni, jeneza likiwa pale kando yake.

Mnajua Nairobi inavyofiwa. Mzee akikata roho alfajiri, kufikia saa nne kuna kundi la WhatsApp, mwenyekiti na mweka hazina. Jioni bajeti inasomwa: mochari, jeneza, gari la maiti, basi, hema, viti, sufuria. Mtoto wa marehemu yuko mbioni kutafuta kibali cha mazishi, na akipata nafasi ya kulia, analia ndani ya matatu. Silaumu kamati. Bila kamati wengi wetu hatungemfikisha mzee Busia wala Murang'a. Ndugu zetu Waislamu huharakisha maziko, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Sisi wengine hupata wiki moja au mbili, na wiki zenyewe zinaliwa na hesabu.

Ndiyo maana wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, tena na mpwa anayejua kompyuta. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapandishwa cheo, akastaafu. Alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu. Badilisha jina tu, utamfaa mzee yeyote kuanzia Dagoretti hadi Dandora.

Wabukusu wa magharibi mwa Kenya wana kumuse. Mzee wa heshima akishazikwa, watu hukusanyika tena baada ya siku chache, na msemaji aliyerithi kazi hiyo katika ukoo wake huingia uwanjani na fimbo mkononi. Hutembea huku na huku akieleza watu walitoka wapi na waliobaki waishi vipi. Wanazika kwanza, wanasema baadaye. Sisi mjini tumeyabana yote mawili ndani ya saa chache, halafu wanasiasa wanakula nusu. Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alipowazuia kuhutubu kwenye ibada mwaka 2021, wengi walishangilia. Lakini matangani tukiona gari kubwa limeegeshwa, bado tunamsogezea mheshimiwa maikrofoni na kumwambia mtoto afupishe.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Tulikaa Makongeni, chumba kimoja na pazia katikati. Alipofariki, dada yangu alipata daftari chini ya godoro, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Mzee alikuwa ameandika humo kila matanga aliyochangia. "Mama wa makaa, 20/-." "Jirani wa mwisho, 50/- na blanketi." Pengine aliandika "sina", halafu baadaye akalikata neno hilo kwa wino mwingine na kuandika kiasi.

Dada alipewa dakika tano. Wasifu hakuugusa, maana ulikuwa kwenye kijitabu cha ibada na kila mtu angeweza kujisomea. Alisoma kurasa za daftari, jina kwa jina. Mzee mmoja aliyeketi nyuma ya hema akasema kwa sauti, "Huyo alikuwa mama yangu." Akasimama. Mwingine naye akasimama upande wa wapishi, mwiko mkononi. Sisi watoto hatukuwajua watu hao. Kisha dada akasema kuwa mwenye daftari hilo alitucharaza bila huruma kwa kurudi nyumbani na viatu vichafu, na hema zima likaangua kicheko. Mchungaji pia.

Kwa hiyo, ukiitwa mbele, sema kile ambacho hakipo kwenye kijitabu. Alivyokohoa kabla ya kubisha hodi. Deni alilokataa kulisamehe. Ukali wake usiufiche, kwa sababu waliokuja wanaujua, na ukiuficha hawataamini hata mazuri utakayosema. Na kama hakuwa baba mwema, hulazimiki kumtungia sifa: shukuru waliokuja, uketi. Wale watoto wa nyumba ya pili wanaojitokeza siku hiyo, wapeni viti. Na wao wamefiwa.

Kuna heshima nyingine isiyohitaji maikrofoni, nayo ni kumuuliza mzee angali hai anataka azikwe vipi. Wangari Maathai, mtetezi wetu wa mazingira, hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mwaka 2011 alipelekwa kuchomwa Kariokor katika jeneza la mianzi, magugu maji na mafunjo. Wengi walinong'ona, lakini watoto wake walitii. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake akavutana kortini na ukoo wa marehemu, Umira Kager, juu ya mahali pa kumzika hadi Mei 1987, ndipo marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Miezi mitano mochari! Kumuuliza mzee si kumtakia kifo. Muulize akiwa amekunywa chai.

La mwisho nalielekeza kwa chama hiki. Tunajaza basi, tunapika, tunazika, na Jumatatu kundi la WhatsApp linafungwa. Kilio chenyewe huja baadaye, siku unapotaka kumpigia baba simu umuulize jambo dogo, namba bado ipo. Siku hiyo hakuna mtu sebuleni. Katiba yetu inasema ni nani atoe nini kabla ya mazishi, lakini baada yake haisemi kitu. Napendekeza zamu ya kumtembelea mfiwa mwezi wa pili na wa tatu, watu wawili wawili, bila bahasha wala hotuba. Sukari mkibeba, sawa. Katibu, naomba hoja hiyo iingie kwenye ajenda ya kikao kijacho.