Kufuli la stoo: namna ya kulichagua, kulifunga na kulitunza lisigande kwa chumvi

Habari zenu wadau, karibuni. Leo niko Tanga, Raskazone, nyuma ya nyumba, na huu mlango mnaouona ni wa stoo yangu, ndani kuna jenereta, mifuko ya chakula cha kuku, toroli na vifaa vyangu vya kazi, na banda la kuku ndo lile pale pembeni. Bahari iko hapo tu, upepo ukivuma unausikia mdomoni ule uchumvi, na hiyo chumvi tutaiongelea sana leo maana huku kwetu inaua makufuli mengi kuliko wezi.

Kabla sijagusa kufuli nataka muangalie mlango kwanza. Mwaka juzi niliibiwa pampu ya maji humu humu, na asubuhi nilivyokuja kufuli nililikuta zima, limefungwa vizuri kabisa, ila liko chini na komeo lake. Mwizi hakuhangaika nalo, alikuja na bisibisi akafungua skrubu nne akaingia, na mimi kufuli lile nilikuwa nimelinunua kwa hela nyingi nikawa nalala usingizi mzito kabisa. Iliniuma sana, kwahiyo naomba hii hatua ya kwanza msiiruke.

Nasogeza kamera, ona hapa. Komeo, yaani hiki chuma chenye tundu na ile pete yake ya kupitishia kufuli, usilifunge kwa skrubu fupi za mbao. Toboa mlango mpaka upande wa pili, pitisha bolti za milimita 8 zile zenye kichwa cha duara laini kisichoshikika na spana, kichwa kikae nje, nati ikae ndani, na kwa ndani weka kipande cha flati bar, ule utepe wa chuma bapa, nyuma ya mbao ndo uweke washa na nati, sababu mbao peke yake mtu akiweka mtarimbo inapasuka. Ukishakaza gonga ncha ya bolti kwa nyundo kidogo ivimbe, nati haitoki tena. Kama mlango ni wa chuma mwite fundi achomelee, ni kazi ya dakika chache. Alafu bawaba nazo, kama pini zake ziko nje mtu anaweza kuzigonga zikatoka na mlango ukafunguka upande ambao huna kufuli, kwahiyo zichomelee kichwani.

Haya, sasa twende dukani.

Haya makufuli mawili nimeyaweka hapa mezani yote yanafanana rangi, ya njano, na muuzaji atakwambia yote ni shaba. Nenda na sumaku, hata ile ndogo ya spika mbovu. Gusisha kwenye mwili wa kufuli, sio kwenye upinde sababu upinde mara nyingi ni chuma, utanasa hata kama mwili ni shaba. Ona, hili la kwanza sumaku imeganda tii, maana yake ni chuma kilichopakwa rangi, hapa pwani masika moja tu limekwisha. Hili la pili haishiki, maana yake sio chuma, na hili langu ni la shaba. Shaba ikikaa na chumvi inatoa ukijani juu lakini hailiki kwa kutu kama chuma, kwahiyo kwa mtu wa Tanga, Pangani, Bagamoyo, Mombasa, mimi nasema chukua shaba, na ukipata lenye upinde wa stenlesi lipende zaidi hata kama bei imechangamka. Ila kama uko bara, kukavu, na hofu yako ni mtu mwenye msumeno, basi kufuli la chuma kizito ni sawa kabisa.

Upinde angalia unene, kwa stoo mimi sishuki chini ya milimita 8, na pawe pameandikwa hardened, yaani chuma kimekomazwa, msumeno wa kawaida unateleza juu yake. Urefu nao ni muhimu, watu wanapenda upinde mrefu sababu ni rahisi kufunga, sasa ile nafasi inayobaki ndo mahali pa kupitisha mtarimbo, chukua mfupi unaojaa kwenye pete. Alafu ufungue uangalie miguu yake miwili, ukiona imechongwa pande zote mbili jua linakamata kulia na kushoto, na michongo ikiwa ya mviringo mara nyingi ndani kuna goroli, hilo ni gumu kulifungua kwa kuchomeka kibati chembamba pembeni ya upinde. Lililochongwa mguu mmoja tu weka kwenye sanduku la nguo.

Na niseme ukweli, mtu akija na grenda na muda anao, hakuna kufuli la kumzuia. Tunachotafuta ni apige kelele na achelewe.

Kufunga: tundu la funguo liangalie chini, sio pembeni wala juu, maji yasiingie. Juu yake mimi natundika kipande cha tyubu ya baiskeli nimekipiga msumari kama pazia, kinazuia mvua na upepo wa kusi unaoleta chumvi. Ila usilifungie na mfuko wa nailoni ukalikaza, lile joto linatoa jasho ndani na kutu inaanzia hapo hapo.

Matunzo sasa, hapa ndo wengi tunafeli. Mafuta ya kula usiweke jamani, yanakuwa gundi, na oili chafu ya gari inakusanya vumbi mpaka pini za ndani hazipandi. Kwa sisi wa baharini, kila mwezi lifungue, lioshe na maji baridi ya bomba, likung'ute, lianike kivulini mpaka likauke kabisa, alafu matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kwenye tundu la funguo na kwenye mashimo ya upinde, ingiza funguo toa ingiza toa, zungusha, futa yaliyozidi. WD-40, ile dawa ya kopo ya kupuliza, nzuri kwa kufukuza maji na kulegeza kilichoganda, ila inakauka haraka, kwahiyo ukishaipuliza usiishie hapo, rudi na mafuta ya cherehani. Ndugu zangu wa Dodoma na Singida kwenye vumbi, nyie tumieni risasi ya penseli laini, sugua kwenye meno ya funguo mpaka iwe nyeusi ingiza mara kadhaa, lakini usichanganye na mafuta, inakuwa tope.

Likiganda usilazimishe funguo, ikikatikia ndani kazi imekuwa mbili. Puliza WD-40, subiri nusu saa, gonga mwili wa kufuli taratibu kwa kipande cha mbao, jaribu tena, na funguo tumia ile ya akiba ambayo meno yake hayajalika.

La mwisho. Ukiwa ndani unafanya kazi usiache kufuli linaning'inia wazi hapo nje. Mtu anapita analibadilisha na la kwake linalofanana, jioni unafunga vizuri kabisa na funguo anayo yeye, au anakufungia wewe ndani. Lifunge kwenye pete hivi, tupu, funguo weka mfukoni. Ile ya akiba mimi nimempa shangazi yangu nyumba ya tatu kutoka hapa, chini ya chungu cha maua kila mtu anapajua.