Komoro: Mtaji Ushukie Wapi?

Ndugu zangu wafanyabiashara, na nyinyi wanafunzi mliojipanga huko nyuma, asalaam aleikum.

Mmeniomba nizungumzie nafasi za uwekezaji kutoka nje katika visiwa vya Komoro. Naomba nianze na ua la langilangi.

Kisiwani Nzwani wachumaji huingia shambani alfajiri, umande haujakauka, maana jua likishapanda ua linapoteza harufu. Asubuhi hiyo hiyo maua hutiwa kwenye mtungi wa kukenekea, yaani wa kutoa mafuta kwa mvuke, kuni zikawashwa chini yake, na moto ukachochewa karibu siku nzima. Kilo 100 za maua hutoa kilo mbili hivi za mafuta. Yale ya mwanzo kutoka ndiyo ya daraja la juu, na ndiyo watengenezaji wa manukato wa Ulaya wanayoyagombea. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta haya duniani. Lakini manukato yenyewe hutengenezwa kwingine, na faida kubwa hubaki huko.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aweke wapi fedha, jibu langu ni pale kwenye mtungi. Kuni zimekula msitu wa Nzwani, na mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa inakauka. Anayeweza kuleta majiko yanayotumia kuni chache, au mvuke usiohitaji kuni kabisa, pamoja na maabara ya kupima ubora wa mafuta palepale kisiwani, huyo ana biashara, tena anaokoa maji ya watu. Karafuu na vanila nazo zina hadithi kama hiyo. Zinasafirishwa ghafi.

Sasa bandari. Moroni, kisiwani Ngazija, ndio mji mkuu, lakini meli kubwa haifiki gatini. Hutia nanga nje, na makontena yakashushwa kwenye matishari ndipo yaletwe pwani. Bahari ikichafuka, kazi inasimama. Bandari ya kina kirefu iko Mutsamudu, kwenye kisiwa kingine, Nzwani. Nyinyi mnaopakia mizigo hapa Dar es Salaam mnajua kila kontena linapoinuliwa na kuteremshwa kuna anayelipa, na mwisho wake ni mama anayenunua mchele sokoni. Umeme nao bado unategemea sana dizeli, ingawa chini ya mlima wa volkano wa Karthala kuna joto ambalo wataalamu wamekuwa wakilitafiti kwa ajili ya umeme.

Soko la ndani ni dogo, watu hawafiki milioni moja, hivyo kiwanda cha kuuzia Komoro peke yake hakitasimama. Ila faranga yao imefungwa kwenye yuro, na tangu Agosti 2024 nchi ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani. Anayeuza nje ana pa kuanzia.

Jambo ninalolionea uchungu zaidi ni ardhi. Mwaka 1885 Mfaransa Léon Humblot alitiliana mkataba na Sultani Said Ali wa Ngazija, akapewa haki ya kutumia ardhi atakayo. Kampuni yake ikaja kushika sehemu kubwa sana ya kisiwa, na wenyeji wakabanwa kwenye mashamba ya babu zao. Wazee wa Ngazija hawajasahau, na mimi siwalaumu.

Tena kuna manyahuli, ardhi ya ukoo inayorithiwa upande wa mama. Mwekezaji anaweza kusainiwa karatasi na mwanamume mwenye heshima zake, muhuri ukapigwa, kisha akagundua kwamba yule bwana hakuwa na haki ya kuuza hata shina moja la mnazi. Mimi ningekodi, nisinunue. Ningekaa na akina mama wa ukoo kabla ya kwenda kwa mwanasheria, mkataba ningeuandika kwa Kikomori pamoja na Kifaransa, na ndani yake ningeweka kwamba mizani ya maua inasomwa mbele ya mchumaji, kila asubuhi.

Karibuni maswali.